Kwaresima ndani ya Ramadhani: safari ya Carthage kwa Perpetua na Felisita

Tangu nirudi Mwanza, watu wa jumuiya yetu hawanipi nafasi: "Lete habari za Carthage." Haya basi. Nimezipanga kutoka kwenye daftari na picha za simu, na bei ni zile nilizolipa mwenyewe Machi 2025.

Kwa asiyepajua, Carthage leo ni kitongoji cha jiji la Tunis, nchini Tunisia, ukingoni mwa bahari ya Mediterania. Enzi za Warumi ulikuwa mji mkuu wa jimbo lao la Afrika, na ndipo Perpetua na Felisita walipouawa tarehe 7 Machi mwaka 203. Mkatoliki yeyote anayesali kwa Kiswahili amewasikia padre anaposoma Sala ya Ekaristi ya Kwanza: Felisita, Perpetua, Agata, Lusia, Anyesi, Sesilia, Anastasia. Kwetu akina Perpetua wamejaa, akina Felista nao hawahesabiki, na Sipriani, jina la askofu wa Carthage, hukosi mmoja kila kigango. Nilitaka kuona walikotoka.

Jumanne, 4 Machi: Dar, Cairo, Tunis

Safari ya ndege sina la kuisimulia zaidi ya kwamba Cairo tulikaa mpaka miguu ikavimba.

Uwanja wa Tunis uko kama kilomita 8 tu kutoka mjini, lakini nje pana madalali wa teksi kama Ubungo ya zamani. Wa kwanza alitaka dinari 50. Wa pili 40. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufi akafungua mlango, akawasha mita bila kuambiwa, na mpaka lango la mji mkongwe ikasoma 14. Nilimwachia 20.

Fedha: dola moja ilinipa dinari 3 na ushei, yaani dinari moja ilikuwa kama shilingi 840 za kwetu. Sheria yao hairuhusu dinari kutoka nje ya nchi, kwa hiyo usitegemee kuinunua Dar. Badilisha uwanjani na utunze risiti, maana siku ya kuondoka bila risiti hawakubadilishii.

Nilifikia nyumba ya wageni ndani ya Medina, huo mji mkongwe, dinari 90 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Kilikuwa kifungua kinywa cha Ramadhani: mwenyeji aliniuliza kama nitakula daku na wenzangu au aniwekee mkate na zeituni chumbani asubuhi. Nikamwambia mkate. Usiku ule vichochoro vilikuwa na watu mpaka saa 8, watoto wakicheza mpira, wazee wakinywa chai ya nanaa yenye karanga ndogo za msonobari zikielea juu.

Jumatano, 5 Machi: Majivu

Mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia ndani ya siku za mwanzo za Ramadhani. Mji mzima ulikuwa umefunga, nami nimefunga, ingawa kila mmoja kwa kalenda yake. Ukipita barabara ya Habib Bourguiba mchana unaona viti vya mikahawa vimepinduliwa juu ya meza, na harufu ya kahawa hakuna kabisa.

Kanisa kuu la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo liko hapohapo barabarani, limekamilika mwaka 1897. Nje lina mtindo wa kuchanganya: minara, matao, mapambo ya kila asili. Ndani nilidhani nimeingia parokia ya Kinshasa. Waamini karibu wote walikuwa Waafrika weusi, wanafunzi wa vyuo na vibarua, kutoka Kongo, Ivory Coast, Kameruni. Misa ilikuwa kwa Kifaransa, kwaya ilipiga ngoma taratibu kwa kuheshimu Kwaresima.

Baada ya Misa nikawa nahangaika kumwuliza mlinzi habari za treni ya Carthage, Kifaransa changu kikiishia kwenye salamu. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Weye unatoka fasi gani?" Alikuwa wa Lubumbashi, anasuka nywele mtaa wa pili. Sikutegemea kusikia Kiswahili hapo. Akanishika mkono kama mdogo wake, akanipeleka kwa miguu hadi kituo cha Tunis Marine, akanionyesha dirisha la tiketi na upande wa kupandia, kisha akanipa onyo moja: "Pasipoti usiiache nyumbani, baba. Kila siku kwenye mufuko."

Na kweli. Tangu mwaka 2023 hali ya wageni weusi Tunisia imekuwa na mashaka, na mimi mwenyewe nilisimamishwa nikaulizwa karatasi, kwa lugha ya adabu lakini nikiwa peke yangu kati ya abiria wote. Anayekwenda ajue hilo. Ajue pia kwamba watu wa kawaida, kwa uzoefu wangu, ni wakarimu kupita kiasi.

Alhamisi, 6 Machi: Tébourba

Tafsiri ya Kigiriki ya habari za mashahidi hawa inasema walikamatwa Thuburbo Minus, ambayo ni Tébourba ya leo, magharibi ya Tunis. Nilipanda louage, gari la abiria kama hiace zetu ila linabeba wanane tu na halisimamishi mtu. Nauli ilikuwa dinari chache. Njiani ni mashamba ya mizeituni mpaka macho yachoke, na mto Mejerda ukiwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Mjini hakuna kibao wala sanamu ya Perpetua. Nilinunua kilo ya machungwa, nikakaa, nikafungua nakala yangu ya shajara yake.

Ndiyo, shajara. Hilo ndilo linalomtofautisha na wafiadini wengi wa kale ambao tumeachiwa jina tu. Perpetua alikuwa na miaka kama 22, mtoto wa watu, amesoma vizuri, ameolewa, ana mtoto anayenyonya. Alikuwa mkatekumeni, hajabatizwa bado alipokamatwa. Pamoja naye walikuwa Felisita na Revokato, wote watumwa, na Saturnino na Sekundulo. Saturo, mwalimu wao, alijitoa mwenyewe baadaye ili asiwaache. Gerezani Perpetua aliandika kwa mkono wake. Ni mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo tuliyo nayo.

Haandiki kama mtakatifu wa kwenye picha. Analalamika kwamba gereza lina giza ambalo hajawahi kuliona, joto la msongamano, askari wanaodai chochote, na matiti yanauma kwa sababu mtoto hayupo. Mashemasi wawili wakahonga walinzi ili wafungwa wahamishiwe sehemu nafuu kwa saa chache. Mtoto akaletwa, akanyonya, naye anaandika kwamba gereza likawa kwake jumba la kifalme.

Ijumaa, 7 Machi: uwanja wa michezo

Treni ya TGM kutoka Tunis Marine inavuka ziwa juu ya tuta na kukushusha Carthage chini ya nusu saa, nauli haikufika dinari moja. Tiketi ya magofu yote ya Carthage ilikuwa dinari 12 na ya siku moja, basi anza mapema, hasa Ramadhani ambapo wanafunga kabla ya kawaida. Wageni wengi hukimbilia mabafu ya Antonino kando ya bahari. Ni mazuri, nilipita haraka.

Uwanja wa michezo uko upande wa bara, umbali wa kutembea kutoka kilima cha Byrsa. Usitegemee kuona kama wa Roma. Mawe yake yalibebwa karne kwa karne kujengea kwingine, kilichobaki ni bakuli la mviringo lililozungukwa na miti, urefu wa uwanja kama mita 65 na upana kama 37. Katikati imesimama nguzo moja ya marumaru. Chini ya usawa wa ardhi kuna mahandaki yaliyofukuliwa, na chumba kimojawapo kiligeuzwa na Mapadre Weupe, shirika la wamisionari, kuwa kikanisa cha kuwakumbuka Perpetua na Felisita. Mlinzi alinielekeza kwa mkono tu, akarudi kivulini kwake. Saumu ilikuwa imemkaba.

Tulikuwa wachache: masista wawili, kijana wa Kameruni aliyekuja na mkate wake kwenye mfuko wa plastiki, na mimi. Mmoja wa masista akaanza kusoma kwa Kifaransa, kijana akinitafsiria kwa Kiingereza kidogo kidogo.

Alisoma sehemu ya baba. Kwangu ndiyo ngumu kuliko wanyama. Baba yake Perpetua hakuwa Mkristo, alimpenda binti huyu kuliko kaka zake, na anasema hivyo wazi. Mara ya kwanza anakasirika. Mara ya pili anakuja amechoka, anambusu mikono, anapiga magoti: binti yangu, zihurumie mvi zangu, mwonee huruma mwanao ambaye hataweza kuishi bila wewe. Siku ya hukumu anapanda jukwaani na mtoto mikononi. Hakimu Hilariano, aliyekuwa akishika nafasi ya liwali aliyefariki, naye anaungana na mzee: mwonee huruma baba yako, mwonee huruma mtoto, toa sadaka kwa ajili ya usalama wa maliki. "Sitoi." "Wewe ni Mkristo?" "Ni Mkristo." Mzee alipoendelea kumvuta, Hilariano akaamuru apigwe fimbo mbele ya watu, na Perpetua anaandika kwamba ilimuuma kana kwamba amepigwa yeye.

Nimesikia mahubiri mengi ya wafiadini, na mengi humruka baba huyu. Humfanya Perpetua kama jiwe. Lakini yeye mwenyewe hakumruka, alimwandika mara kwa mara, na pale hakuna shujaa wala mwovu, kuna mzee anayepoteza mtoto. Ukiliondoa hilo, kile alichokitoa kinaonekana rahisi.

Felisita alikuwa na hofu ya aina nyingine. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na sheria ya Kirumi haikuruhusu kumuua mjamzito; angebaki nyuma, auawe baadaye pamoja na wahalifu wasiomhusu. Wenzake wakamwombea, uchungu ukaja mapema. Akiwa anapiga kelele za uchungu, mlinzi mmoja akamcheka: kama hapa unalia hivi, mbele ya wanyama utafanyaje? Akajibu kwamba sasa anateseka mwenyewe, lakini kule atakuwapo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake. Alijifungua binti, na mwanamke mmoja Mkristo akamchukua kumlea kama wake.

Michezo yenyewe ilikuwa ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Geta, mtoto wa maliki Septimio Severo. Waliachiliwa ng'ombe jike mwenye hasira. Aliyemalizia simulizi anasema Perpetua alirushwa, akaanguka kwa kiuno, akavuta nguo iliyochanika ajisitiri, kisha akaomba kibanio abane nywele, kwa kuwa nywele timutimu ni za matanga na yeye hakutaka aonekane yuko msibani. Halafu akamwona Felisita chini, akaenda kumnyanyua. Bibi na mtumwa wakasimama bega kwa bega mbele ya watu wote. Mwishoni alikabidhiwa kwa mpiganaji mgeni wa kazi ambaye mkono ulimtetemeka na upanga ukagonga mfupa; akaushika mkono ule mwenyewe, akauelekeza kooni.

Nitaje jambo moja la haki: maandishi yanasema ilikuwa michezo ya kambi ya jeshi, kwa hiyo wapo wataalamu wanaosema huenda uwanja ulikuwa mwingine. Mapokeo yanashika hapa. Mimi nilisali hapa.

Mchana nikapanda Byrsa. Makumbusho yalikuwa yamefungwa kwa ukarabati. Kanisa kubwa la Mtakatifu Luis bado lipo kileleni, lakini halisaliwi tena. Hapa ndipo habari inapogeuka kuwa yetu. Lilijengwa na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, likawekwa wakfu mwaka 1890. Mapadre wake walikuwa wakikitunza kilima hiki tangu 1875, na wengi waliotumwa kwetu walisomea teolojia hapahapa Carthage kabla ya kupanda meli. Msafara wao wa kwanza uliondoka mwaka 1878, ukapitia Bagamoyo na Tabora. Padre Lourdel na Bruda Amans wakavuka ziwa kutoka upande wetu wa kusini na kufika Buganda Februari 1879. Walipoondoka Buganda mwaka 1882 walirudi kusini, na ndipo ikaanza misheni ya Bukumbi, Mwanza, ambako bibi zetu walibatizwa.

Basi hao vijana waliokuwa wakitembea juu ya kilima hiki ndio waliokuja na ile orodha ya majina ya Sala ya Ekaristi. Na mwenzao Padre Delattre alibaki akichimba: mwaka 1907, kwenye magofu ya kanisa la kale liitwalo Basilica Majorum, alipata vipande vya jiwe vilivyoandikwa majina ya Saturo, Saturnino, Revokato, Sekundulo, Felisita na Perpetua. Zaidi ya miaka mia saba ukimya wa Kikristo umepita hapo, na jiwe lilikuwa chini ya ardhi likisubiri.

Mwaka 1964 una mambo mawili ya kuweka pamoja. Julai, Vatikani na Tunisia zilitia saini makubaliano yaliyoikabidhi serikali makanisa mengi, hili likiwemo. Oktoba 18 mwaka huohuo, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu Karoli Lwanga na wenzake wa Uganda, na katika mahubiri yake akawataja Sipriani, Felisita na Perpetua kuwa watangulizi wao. Mlango mmoja ulifungwa Byrsa, mwingine ukafunguliwa Namugongo.

Kurudi ndiko nilikochelewa. Saa 11 na nusu jioni nilishuka kituoni, hakuna mtu. Treni ya mwisho kabla ya futari ilikuwa imepita, teksi hakuna, hata paka hawakuonekana. Jua lilikuwa linazama saa 12 na dakika ishirini hivi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikimbia na mikate mikononi alinipita, akasimama, akarudi. Hakuniuliza ninatoka wapi. Alisema "Tafadhal" na kuonyesha geti.

Walikuwa sita mezani. Adhana ikalia, tukala tende na maziwa. Ikaja supu ya ngano yenye nyama. Hapo nikakwama: Ijumaa ya Kwaresima, nyama sili. Nilijaribu kueleza kwa vidole na maneno matatu ya Kifaransa kwamba nami nimefunga, mfungo mwingine. Binti yao wa sekondari ndiye aliyeelewa, akawaeleza wenzake, meza nzima ikacheka kwa furaha. Mama akainuka bila neno, akarudi na brik, unga mwembamba uliokaangwa ukiwa umefunga yai na samaki wa jodari. Ukiing'ata bila tahadhari kiini kinakumwagikia kidevuni, na kilinimwagikia. Binti akauliza nimefuata nini Carthage, yule jemadari wa kale Hannibal? Nikamtajia Perpetua. Hakumjua. Nikamwambia alikuwa jirani yake, alikuwa na miaka 22 na aliandika. Akatoa simu, akatafuta, akaanza kuwasomea nyumbani kwa Kiarabu. Baba mwenye nyumba, aliposikia sehemu ya yule mzee na mvi zake, aliacha kutafuna.

Walinipandisha treni saa 2 usiku. Pesa walikataa. Ushauri wa bure: Ramadhani, uwe umefika unakokwenda saa moja kabla ya magharibi.

Jumamosi, 8 Machi: El Jem

Kwa kuwa uwanja wa Carthage umebaki msingi, nilitaka kuuona uliokamilika. El Jem iko kama kilomita 200 kusini. Treni ilichelewa kuondoka kwa zaidi ya saa moja na haikutolewa sababu. Abiria mmoja akanigawia nafasi ya dirisha ili nione njia. Kiingilio dinari 12, pamoja na makumbusho.

Uwanja wake unauona kutoka mbali kabla hujauona mji. Ni wa karne ya 3, ulibeba watu kama 35,000, na nyumba za watu leo zinaonekana kama zimeomba hifadhi miguuni pake. Shuka chini kabisa, kwenye handaki linalopita katikati. Kuna vyumba pande zote mbili, hapo walikaa wanyama na waliohukumiwa, na juu kuna ufa mrefu unaoleta mwanga. Nilisimama ndani ya kimojawapo. Ukuta una unyevu, harufu ya udongo, na kila aliyekanyaga juu yangu nilimsikia. Watu 35,000 wangesikika namna gani, sijui.

Makumbusho yake watu huyaruka, kosa kubwa. Kuna mozaiki ya nyumba ya tajiri mmoja: mtu amefungwa, mlinzi amemshika kwa nyuma, chui amemrukia usoni, na damu imepangwa kwa vijiwe vyekundu kimoja kimoja. Ilikuwa sakafu ya nyumba. Watu walikula juu yake. Nyingine maarufu ya aina hiyo, iliyopatikana Smirat na kuhifadhiwa Sousse, inamwonyesha tajiri Magerio akilipia pambano la chui: wapiganaji waliomba kulipwa dinari 500 za Kirumi kwa kila chui, yeye akatoa 1,000, na majina ya chui yameandikwa. Ya wahukumiwa huyaoni popote. Baada ya kuona hayo ndipo nilipoelewa kwa nini Wakristo wa Carthage waling'ang'ania kuandika majina ya watu wao kwenye jiwe, mtumwa na bibi kwenye mstari mmoja.

Jumapili, 9 Machi: Sipriani na mabishano

Baada ya Misa mama wa Lubumbashi alikataa nile hotelini. Alipika fufu na samaki chumbani kwake, wakaja wanafunzi watatu, tukabishana mpaka saa 9.

Mmoja alisema ile kauli ya Tertuliano, mtu wa Carthage, kwamba damu ya Wakristo ni mbegu. Kila mhubiri huitumia. Mwingine akamjibu: mbona hapa haikuota? Kanisa lililomtoa Tertuliano, Sipriani na Augustino lilikwisha, na sisi wote tuliomo chumbani ni wageni. Nami niliongeza ninavyoona: wafiadini hawa waliliachia Kanisa la hapa nguvu na pia ugomvi. Mwaka 250 maliki Desio alipoamuru kila mtu atoe sadaka, Wakristo wengi walitii au walinunua hati za kuonyesha wametii. Waliofungwa kwa uaminifu wao wakaanza kuandika barua za kuwasamehe walioanguka, na Askofu Sipriani, ambaye mwenyewe alikuwa amejificha na kusemwa sana, akalazimika kuuliza: mamlaka ya kusamehe ni ya askofu au ya aliyeteswa? Karne iliyofuata bibi mmoja tajiri, Lusila, alikaripiwa na shemasi mkuu Sesiliano kwa kubusu mfupa wa mfiadini asiyetambuliwa kabla ya kukomunika. Sesiliano alipokuwa askofu, Lusila akawa mfadhili wa wapinzani wake, na mpasuko wa Wadonato, Wakristo waliomkataa Sesiliano, ukadumu vizazi na vizazi, kila upande ukijiita kanisa la mashahidi.

Mama alisikiliza yote akiosha vyombo. Kisha akauliza, "Na ule mutoto wake? Alikomea wapi?" Hakuna maandishi yanayosema. Babu alikataa kumrudisha gerezani, na Perpetua anaandika tu kwamba mtoto hakulilia tena ziwa. Hapo habari zake zinakoma.

Jioni kabla ya futari nilikwenda kuona magofu ya kanisa linaloitwa la Mtakatifu Sipriani, juu ya bahari kaskazini mwa Carthage. Ni safu za vipande vya nguzo kwenye nyasi. Sipriani alihukumiwa 14 Septemba 258 mbele ya liwali Galerio Maksimo. Kesi ilichukua dakika chache. Aliposomewa kwamba atauawa kwa upanga alijibu, "Deo gratias," yaani Mungu ashukuriwe, akaagiza mwuaji wake apewe sarafu 25 za dhahabu, na waamini wakatandika vitambaa mbele yake. Yule aliyesemwa kwa kukimbia, safari hii hakukimbia.

Jumatatu, 10 Machi: kurudi

Teksi ya uwanjani kwa mita ilikuwa dinari 11. Risiti yangu ilikubaliwa, nikarudishiwa dola kwa dinari zilizobaki.

Kwa atakayekwenda: ukiacha ndege na visa, kwa siku hizo nilitumia kama dinari 800, malazi yakiwa zaidi ya nusu. Chakula cha mtaani nje ya Ramadhani ni rahisi; ulizia lablabi, supu ya dengu nzimanzima yenye mkate, na uwaambie mapema harissa, pilipili yao ya kusaga, iwe kidogo. Chukua koti, Machi kuna upepo wa baharini na mvua za kushtukiza. Tafuta shajara ya Perpetua uisome kabla ya kufika, ni fupi, inaisha kabla ndege haijatua Cairo. Ukipenda kutia Namugongo ya mashahidi wa Uganda kwenye mpango wako wa mwaka huohuo, sikukuu yao ni 3 Juni, na kutoka Mwanza unapitia Bukoba na Mutukula kwa basi.